Uchaguzi mdogo wa gavana West Virginia, 2011: kaimu alipopelekwa kwa wananchi kwa amri ya mahakama

Dereva wa Masafa (mleta uzi)

Habari za jioni wanajamvi.

Juzi kwenye uzi wa mwenzetu mmoja, kuna mchangiaji alisema kiongozi akiondoka katikati ya muhula basi anayefuata apande tu, uchaguzi mdogo ni kuchoma hela za walipa kodi. Nikaanza kumjibu palepale, jibu likazidi kurefuka, nikaona nilifungulie uzi wake.

Mwaka 2011 nilikuwa naendesha lori kutoka Columbus, Ohio, kushuka kusini. Karibu kila wiki nilipita Charleston, makao makuu ya jimbo la West Virginia. Ni jimbo la milima na makaa ya mawe, lina kaunti 55 na watu wasiofika milioni 2. Septemba ile ukiwasha redio ya gari hupiti muda bila kusikia tangazo la Earl Ray Tomblin au la Bill Maloney. Nikilala hoteli, kwenye televisheni ni haohao. Nikaanza kufuatilia, na mpaka leo huo ndio uchaguzi wa Marekani ninaoujua vizuri kuliko hata wa rais wao.

Mambo yalianza na msiba. Tarehe 28 Juni 2010 alifariki Seneta Robert Byrd, umri miaka 92, aliyekuwa kwenye Seneti ya Marekani tangu 1959. Gavana wa wakati ule, Joe Manchin wa chama cha Democratic, alikuwa kipenzi cha watu wa jimbo lake. Mwaka 2008 alirudishwa madarakani kwa karibu asilimia 70 ya kura. Naye akakitaka kiti cha marehemu. Sheria ilivyokuwa ikisomwa, uchaguzi wa kujaza kiti kile ungesubiri 2012. Bunge la jimbo likaitwa mwezi Julai, likafungua njia, uchaguzi ukafanyika Novemba hiyohiyo ya 2010. Manchin akashinda, akaapishwa Washington tarehe 15 Novemba. Huku nyuma kiti cha gavana kikabaki wazi.

Sasa West Virginia hawana naibu gavana anayechaguliwa na wananchi. Katiba yao inasema gavana akiondoka, Rais wa Seneti ya jimbo ndiye anayekaimu. Huyo alikuwa Tomblin, mtu wa Kaunti ya Logan, ameiongoza Seneti hiyo tangu 1995. Akakaimu, na cheo chake cha Rais wa Seneti hakukiachia. Muhula wa Manchin ulikuwa umebakiza miezi 26.

Hapa ndipo palinishika mimi. Wakubwa wa jimbo waliisoma sheria kwamba uchaguzi wa gavana nao usubiri 2012, muhula ujiishie wenyewe. Yaani kiti cha Seneti alichokitaka gavana kilitafutiwa njia ndani ya wiki chache, lakini kiti cha gavana wananchi wakiangalie tu miaka 2. Kikundi cha kiraia kiitwacho West Virginia Citizen Action Group, pamoja na wakili mmoja aliyekwenda kwa jina lake mwenyewe kama raia, wakafungua shauri. Tarehe 18 Januari 2011 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba gavana aliyechaguliwa awe ameingia ofisini ndani ya mwaka 1 tangu kiti kiwe wazi.

Mchujo ndani ya vyama ukafanyika 14 Mei, uchaguzi wenyewe 4 Oktoba 2011. Tomblin alipata kura 149,000 na ushee, Maloney wa Republican 141,000 na ushee. Asilimia 49.6 kwa 47. Tofauti kama kura 7,500 jimbo zima!

Aliyeshinda ni yuleyule aliyekuwa anakaimu, kwa hiyo mtu atasema sasa kilibadilika nini. Mimi nasema kilibadilika kitu kikubwa. Karibuni tujadili.

Kinyozi wa Makorora

Mkuu heshima yako. Uzi umeshiba.

Nina swali. Kama Manchin alipata asilimia 70 mwaka 2008, na huyu Tomblin ni wa chama hichohicho, tena tayari yuko ofisini anasaini karatasi, ilikuwaje akaponea kwenye tundu la sindano?

Dereva wa Masafa

Kinyozi, swali lako ndilo roho ya uchaguzi ule.

Wakati huo zaidi ya nusu ya wapiga kura walioandikishwa West Virginia walikuwa Democratic. Bunge la jimbo lilikuwa mikononi mwa chama hicho tangu enzi za babu zao, miaka ya 1930. Lakini ni Democratic wa makaa, wa bunduki na wa kanisani. Rais Obama hawakumtaka. Kule migodini kulikuwa na hasira na Wakala wa Mazingira wa serikali kuu, EPA. Januari 2011, wiki ileile mahakama ilipokuwa inakaribia kutoa uamuzi wa ugavana, EPA ilifuta kibali cha mgodi wa Spruce Nambari 1, mgodi wa kukata kilele cha mlima. Na mgodi huo uko kaunti gani? Logan, nyumbani kwa Tomblin. Kwa hiyo alikuwa anaomba kura kama mtu wa kaunti ya makaa, huku chama chake Washington ndicho kinachoonekana kufunga migodi.

Warepublican waliliona hilo. Umoja wa Magavana wa Republican ukamwaga mamilioni ya dola kwenye matangazo, na siku za mwisho kabisa wakamfunga Tomblin na sheria ya bima ya afya ya Obama. Umoja wa Magavana wa Democratic nao ukajibu kwa mamilioni. Kampeni ikawa juu ya mtu ambaye jina lake halimo kwenye karatasi ya kura. Utafiti wa mwisho wa maoni wa kampuni ya PPP ulionyesha 47 kwa 46. Miezi michache kabla yake Tomblin alikuwa anaongoza kwa mbali.

La pili ni mpinzani mwenyewe. Bill Maloney hakuwa mwanasiasa. Ni mfanyabiashara wa Morgantown, kazi yake kuchoronga miamba, kutoboa mashimo marefu ya migodi. Mnakumbuka wale wachimbaji 33 waliofukiwa kwenye mgodi wa San José nchini Chile mwaka 2010? Maloney alikuwa miongoni mwa waliosukuma ule mpango B, shimo ambalo ndilo lililowafikia na kuwatoa wote wakiwa hai Oktoba ile. Sasa fikiria jimbo ambalo Aprili ya mwaka huohuo lilizika wachimbaji 29 waliouawa na mlipuko wa Upper Big Branch. Halafu anakuja mtu ambaye ana mkono katika kuwatoa wenzao ardhini wakiwa hai. Mimi binafsi naamini hilo lilimpa kura ambazo matangazo yasingeweza kumpa, maana kule mchimbaji ni baba wa mtu, mjomba wa mtu.

Na Tomblin alikuwa na lake. Wapinzani walimkaba na biashara ya familia yake ya kufuga mbwa wa mashindano, ambayo ilinufaika na fedha zilizopitia sheria za bunge alilokuwa analiongoza. Hata kwenye mchujo wa chama chake alipita na kama asilimia 40 tu, kura zikigawanyika kwa Spika Rick Thompson, Katibu wa Jimbo Natalie Tennant na wengine.

Mtumishi Mstaafu

Nadhani mimi ndiye mchangiaji aliyesemwa hapo juu, na sina kinyongo. Nimefanya kazi ya kusimamia vituo vya kupigia kura mara tatu katika utumishi wangu, nazungumza ninachokijua.

Mleta uzi, hebu tuhesabu. Novemba 2010 watu wa jimbo lile walipiga kura. Mei 2011 wakaitwa tena. Oktoba 2011 tena. Mei 2012 mchujo mwingine. Novemba 2012 uchaguzi mkuu. Mara tano ndani ya miaka 2! Kila mara karatasi zichapwe, makarani walipwe, vituo vifunguliwe. Na yote hiyo kwa ajili ya gavana atakayekaa miezi 14.

Halafu umetupa kura za washindani, hukutupa za jumla. Ukijumlisha zako ni kama laki 3. Walioandikishwa walikuwa wangapi? Nikumbushe.

Dereva wa Masafa

Mzee wangu shikamoo. Karibu sana, na nisamehe kwa kukutaja bila kukutaja.

Walioandikishwa walikuwa kama milioni 1.2. Kwa hiyo walipiga kura robo tu. Na nikuongezee silaha: mwaka 2008 Manchin peke yake alipata kura zaidi ya 490,000. Tomblin alikuwa gavana kwa kura zisizofika theluthi ya hizo. Hilo silifichi, na linaniuma hata mimi ninayeutetea uchaguzi ule.

Lakini mzee, tazama upande wa pili. Tomblin alipokuwa anakaimu, kura zilizomweka pale zilikuwa za wilaya yake ya useneta huko kusini, na za maseneta wenzake waliomchagua kukaa kiti cha mbele. Mtu wa Wheeling au wa Martinsburg hakuwahi kuiona sura yake kwenye karatasi ya kura. Naye alikuwa anasaini sheria za jimbo zima, bajeti ya jimbo zima, huku jina lake bado liko mlangoni mwa ofisi ya Rais wa Seneti. Mtu mmoja, mguu mmoja serikalini, mmoja bungeni. Kura 149,000 ni chache, sawa. Lakini ni nyingi kuliko sifuri.

Binti wa Kijenge

Jamani hili la "nani alimpigia kura" linatugusa sisi moja kwa moja.

Tanzania, tarehe 17 Machi 2021, Rais Magufuli alifariki. Tarehe 19 Makamu wa Rais, Mama Samia, akaapishwa. Hatukwenda kwenye uchaguzi, na Katiba ndivyo inavyosema, Ibara ya 37(5): Makamu anamalizia kipindi kilichobaki. Sikuona ubaya wa utaratibu huo, kwa sababu moja: 2020 jina la Makamu lilikuwa pamoja na la Rais. Aliyempigia mmoja alimpigia na mwenzake. Kwa hiyo hoja ya Dereva kuhusu Tomblin haiingii kwetu, ila inaeleza kwa nini kwetu inakubalika.

Kuna kitu kingine kimenivutia. Katiba ya West Virginia nimeisoma leo baada ya kuuona uzi huu. Inasema kiti kikiwa wazi kabla miaka 3 ya kwanza haijaisha, lazima uchaguzi mpya. Manchin aliondoka hata miaka 2 haijatimia. Na Katiba yetu Ibara ya 40(4) nayo inatumia miaka 3 kama mpaka: Makamu akishika kiti kwa muda usiofika miaka 3 anaruhusiwa kugombea mara mbili, akishika miaka 3 au zaidi anagombea mara moja tu. Namba ileile, kazi mbili tofauti. Wao wanaitumia kujua kama wananchi waitwe, sisi tunaitumia kujua mtu atagombea mara ngapi.

Mkazi wa Umoja

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni wa Nairobi, kwa hiyo magavana ninao mlangoni.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 182, iko karibu sana na hiyo habari ya Tomblin. Gavana akitoka, naibu anachukua na kumaliza muhula. Nyeri wameyaona hayo mara mbili katika mwaka mmoja: Gavana Nderitu Gachagua alifariki Februari 2017, naibu wake akachukua, halafu Wahome Gakuru aliyechaguliwa Agosti akafariki kwa ajali Novemba, naibu wake Mutahi Kahiga akaingia. Bomet pia, Joyce Laboso alipofariki Julai 2019. Hakuna aliyelalamika, maana naibu alikuwa kwenye tiketi.

Shida ni pale gavana na naibu wote hawapo. Hapo spika wa bunge la kaunti anakaimu na uchaguzi unafanywa ndani ya siku 60. Sasa njooni Nairobi. Naibu wa gavana wetu Mike Sonko, Polycarp Igathe, alijiuzulu Januari 2018. Sonko akakaa karibu miaka 3 bila naibu. Tarehe 17 Desemba 2020 Seneti ikamwondoa. Spika Benson Mutura akakaimu, kama tu huyo Tomblin. IEBC, tume yetu ya uchaguzi, ikatangaza uchaguzi mdogo tarehe 18 Februari 2021. Wagombea wakaanza kujipanga, mitaani kwetu mabango yakaanza kuonekana. Mimi nilikuwa tayari nimemchagua wangu moyoni.

Halafu Januari mahakama ikausimamisha uchaguzi, na katikati ya Januari Ann Kananu, ambaye Sonko alikuwa amempendekeza kabla ya kuondolewa, akapitishwa na bunge la kaunti na kuapishwa kuwa naibu. Basi kuna naibu. Na kama kuna naibu, hakuna uchaguzi. Novemba 2021 akaapishwa gavana, akakaa mpaka uchaguzi mkuu wa Agosti 2022.

Sina neno baya juu ya mama yule. Ninachosema ni kwamba jiji la mamilioni ya watu liliahidiwa kura na kura haikuja. Kule mahakama iliwaita watu waende kupiga kura, kwetu mambo yaliishia mahakamani na kwenye bunge la kaunti. Ndiyo maana nikimsoma Mtumishi Mstaafu akisema ni gharama, moyo wangu unakataa. Ningefurahi sana kulipa gharama ile.

Mwana Lubumbashi

Jambo wandugu. Huku Kongo gavana wa jimbo hachaguliwi na raia. Katiba ya 2006 imewapa kazi hiyo wabunge wa jimbo, wao ndio wanapiga kura. Watu wachache kwenye chumba. Na Kivu Kaskazini na Ituri tangu Mei 2021 ni magavana wanajeshi, sababu ya hali ya dharura. Mimi nasoma habari ya watu kwenda mahakamani kudai wachague gavana wao, nasoma mara mbili mbili. Asante kwa uzi.

Mtumishi Mstaafu

Marahaba Dereva. Na mwanangu wa Umoja, pole. Hilo la Nairobi sikulijua kwa undani huo.

Nilegeze kidogo. Kama anayekaimu hakuwahi kuchaguliwa na eneo zima, nakubali aende kwa wananchi. Lakini bado nauliza: kwa nini wasiwe na naibu wa kuchaguliwa pamoja na gavana, wakaepuka hekaheka zote? Uchaguzi wa robo ya watu una hatari yake. Kundi dogo lenye hela na hamasa linaweza kubeba jimbo. Mwenyewe umesema hela za matangazo zilitoka nje, kwa hao Umoja wa Magavana, siku za mwisho. Zingekuja wiki moja kabla ya hapo je?

Kinyozi wa Makorora

Hapo mzee kapiga kwenye mshono. Kura 7,500 ni kama uwanja mmoja wa mpira tu. Mvua ikinyesha kaunti mbili tatu, gavana ni mwingine.

Dereva wa Masafa

Mzee, kwa naibu wa kuchaguliwa niko na wewe. Kingekuwepo cheo hicho 2010, shauri lisingefunguliwa.

Kuhusu hatari ya watu wachache, ni kweli. Ila tuna bahati ya kipekee katika mkasa huu: uchaguzi ulirudiwa na watu walewale. Novemba 2012, mwaka 1 na mwezi baadaye, Tomblin na Maloney walisimama tena, safari hii siku ya uchaguzi wa rais, wapiga kura zaidi ya mara mbili ya wale wa 2011. Matokeo: Tomblin asilimia 50.5, Maloney 45.7. Kwa hiyo ile robo ya Oktoba haikuwa mbali na jimbo zima. Ilibana zaidi, lakini ilielekea kulekule.

Na angalieni ilikuwa mwaka gani. Siku hiyohiyo Obama alishindwa kaunti zote 55 za West Virginia. Zote. Na miezi sita nyuma, kwenye mchujo wa chama chake mwenyewe, mfungwa aliyekuwa gereza la Texas, Keith Judd, alimchukulia Obama asilimia 41 ya kura za Democratic wa jimbo lile. Katika moto huo Tomblin alipita kwa zaidi ya kura 30,000. Naamini asingepita kama angefika Novemba 2012 akiwa bado kaimu, mtu wa kiti cha kuachiwa. Oktoba 2011 ilimpa uhalali wa kusema: mimi ni gavana wenu, mlinichagua, nipimeni kwa kazi. Maloney naye alipewa nafasi ya haki ya kumwangusha, na alikaribia kweli.

Hicho ndicho nilichosema mwanzo kwamba kilibadilika. Mtu ni yuleyule, meza ni ileile, lakini kuanzia Novemba 2011 alikuwa na wa kumdai. Januari 2014 kemikali ilipovuja Mto Elk na watu 300,000 wa Charleston na jirani zake wakaambiwa wasiguse maji ya bomba, hasira zao zilijua mlango wa kwenda. Nilipita huko wiki ile nikiwa na shehena ya maji ya chupa. Watu wamepanga foleni na madumu kwenye baridi kali, na jina la gavana liko midomoni mwao.

Binti wa Kijenge

Dereva, hatujakuuliza. Baada ya hapo chama hicho kiliendelea kuwa na nguvu huko? Maana nasikia West Virginia siku hizi ni ya Republican moja kwa moja.

Dereva wa Masafa

Dada, ni kama ukuta ulianza kupata ufa Oktoba ile. Uchaguzi wa 2014 bunge la jimbo likaenda kwa Republican. 2016 Tomblin hakuweza kugombea tena, mihula ilikuwa imeisha, akaingia Jim Justice kwa tiketi ya Democratic. Agosti 2017 Justice akapanda jukwaani na Trump mjini Huntington, akatangaza kuhama chama. Manchin aliyeanzisha yote haya akajitoa Democratic mwaka 2024 na hakugombea tena. Na kiti chake cha Seneti, kilekile cha marehemu Byrd, kilichukuliwa na nani? Jim Justice.

Mtumishi Mstaafu

Na huyo alipoondoka ugavana kwenda Washington, walifanya uchaguzi mdogo tena?

Dereva wa Masafa

Hapana mzee. Muhula wake wa ugavana uliisha Januari 2025, na Novemba 2024 wananchi walikuwa wameshamchagua gavana mwingine, Patrick Morrisey, kwenye uchaguzi wa kawaida. Justice alisubiri siku chache amalize muhula ndipo akaenda kuapa Seneti, ingawa maseneta wenzake wapya walikuwa wameshaapishwa. Safari hiyo hakuna aliyekaimu kwa miaka.